Dada aliyegeuka Dodo: kisa cha lebo moja ya mabuyu

Kikopo cha kwanza kilirudishwa na mwenye duka wa Mwembe Tayari, Mombasa. Hakikuwa na kasoro. Kifuniko kizima, mabuyu mekundu, sukari imeshika vizuri. Ila mteja alikinunua, akaonja pale pale mlangoni, akasema ametapeliwa: kikopo kimeandikwa dodo, na ndani hamna ladha ya embe hata chembe. Mwenye duka akavaa miwani, akasoma, naye akaona dodo. Akampigia simu Bi Dada, na Bi Dada akanipigia mimi.

"Mwanangu, mie nauza mabuyu. Hayo maembe umeyatoa wapi?"

Lebo ile niliichora mimi. Mchapishaji hakukosea, wala Bi Dada, wala mteja aliyedai pesa zake. Naandika kisa hiki kwa sababu nadhani madizaina wengi wa hapa Pwani tuna kikopo kama hicho mahali fulani, ila hakijarudishwa bado.

Bi Dada anapikia nyumbani, Majengo. Nduguze wadogo walimwita Dada, mtaa ukafuata, na sasa hata watu waliomzidi umri humwita hivyo. Mabuyu yake ni ya kikwetu: mbegu za mbuyu na unga wake, sukari, iliki, pilipili manga, pilipili kali, rangi. Kwa miaka mingi aliyauza kwenye vipakiti visivyo na jina, watoto wakija na shilingi zao dirishani. Mwaka huo aliamua kutia kwenye vikopo vya plastiki angavu na kuvipeleka madukani, na duka halitaki kitu kisicho na lebo. Akaniagiza maneno mawili tu: "Iwe yacheka."

Nikatafuta fonti inayocheka, na hizo si haba. Niliyoichukua ilikuwa nene, ncha zote zimeviringwa kama kaimati, na mstari haukunyooka sawasawa: herufi moja imepanda kidogo, nyingine imelala, kama mtoto aliyeandika ukutani kwa makaa. Jina lake silitaji, maana aliyeichora hakuichora kwa ajili ya mabuyu. Nikaandika *mabuyu ya dada*, yote kwa herufi ndogo, kwa kuwa herufi kubwa niliona zinafoka. Kwenye skrini ilipendeza mno. Bi Dada alicheka alipoiona kwenye simu, nikahesabu kazi imekwisha.

Kwanza niitetee aina hii ya herufi, kwa sababu watu wa kazi yetu tuna mazoea ya kuidharau. Mama yao mashuhuri ni Comic Sans, iliyochorwa na Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994. Alikuwa ameonyeshwa programu ya watoto iitwayo Microsoft Bob, ambamo mbwa wa kuchora alisema maneno yake kwa Times New Roman. Mbwa wa katuni anazungumza kwa herufi za gazeti! Connare akafungua vitabu vya katuni alivyokuwa navyo, akatazama yale maandishi ya kwenye viputo, akachora herufi zinazofanana na sauti ya mbwa. Haikumalizika kwa wakati, na Bob ikatoka bila hiyo, lakini ikaingia kwenye nyongeza ya Windows 95, na kutoka hapo ikaingia kila ofisi duniani. Julai 4, 2012, wanasayansi wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, walipotangaza chembe ya Higgs, slaidi za Fabiola Gianotti zilikuwa kwa Comic Sans, na wapo waliozungumzia fonti kuliko chembe. Mimi simcheki Connare. Aliuliza swali sahihi: huyu anayesema ni nani, na herufi zake zafanana naye? Nami niliuliza swali hilo hilo, nikapata jibu sahihi, na bado kikopo kikarudi. Kumbe kuna swali la pili, nalo ni: herufi hizi zitaandika lugha gani?

Hesabu nami. *Mabuyu ya dada* ni herufi 12. Nne kati yake ni a. Mbili ni d, moja ni b. Katika fonti za mwandiko wa mkono, a mara nyingi haina ile kofia ya juu unayoiona magazetini. Ni duara lenye kijiti upande wa kulia, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. Nayo d ni duara lenye kijiti kirefu kulia, na b ni duara lenye kijiti kirefu kushoto. Kwa hiyo herufi saba kati ya 12 ni umbo moja tu, duara na kijiti, linalorudiwa kwa mapambo tofauti. Kijiti cha d ni kirefu, chapa ikiharibika bado utakiona. Kijiti cha a ndicho peke yake kinachoitenga na o, na mchoraji wa ile fonti, akitafuta upole, alikikata kikawa kifupi na kukilaza ubavuni mwa duara. Ukiitazama kwenye skrini ikiwa kubwa kama kiganja, ni a bila shaka. Ikiwa na kimo cha milimita nne, juu ya kikopo kilichopinda, ni o yenye uvimbe.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa. Stika ilikuwa angavu, ili mabuyu yaonekane, na herufi nilizitia rangi nyekundu. Nyekundu juu ya angavu, na nyuma ya ule uangavu kuna mabuyu mekundu. Tumbo la herufi, yaani ile nafasi tupu iliyo ndani ya duara, ndilo linalomwambia msomaji hii ni herufi gani. Tumbo langu halikuwa tupu. Lilijaa mabuyu. Niliidhinisha stika ikiwa juu ya karatasi nyeupe, mezani, karibu na taa, na sikukumbuka kuibandika hata mara moja kwenye kikopo kilichojaa.

Lakini kilichonishughulisha hasa ni jambo jingine. Mbona hakuna aliyesoma *mobuyu*? Mbona hakuna aliyesoma *yo*? Zile a za mwanzo zilikuwa mbovu sawa na za mwisho. Jibu ni kwamba jicho halisomi herufi moja moja. Hukisia neno, na likikosa neno la kushindana, hujisahihisha lenyewe. *Mobuyu* si neno, basi jicho likaona mabuyu. *Dada* ndiyo iliyokuwa na mshindani, na mshindani mwenyewe ana nguvu: juu ya kitu cha kuliwa, hapa Mombasa ambapo embe dodo hurundikwa Kongowea msimu kwa msimu, dodo ina maana kuliko dada. Wasomaji hawakukosea kusoma, walisoma kwa akili.

Na Kiswahili kina jozi nyingi za namna hiyo, kwa sababu maneno yetu karibu yote hufungwa kwa irabu, na irabu ndiyo mara nyingi hulitenga neno na mwenzake. Kaka na koko. Kaa na koo. Fikiria mkahawa wa Mji wa Kale unaoandika orodha yake kwa fonti kama ile yangu: wali kwa mchuzi wa papa. Mgeni asome popo. (Nimeijaribu hiyo kwa wino, na inasomeka popo kweli.)

Hapo ndipo nilipogundua kwamba fonti nyingi tunazozipakua hujipima kwa lugha nyingine. Sampuli inayoonyeshwa mara nyingi ni ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha wa kahawia anayemruka mbwa mvivu, ambayo hutumiwa kwa vile ina herufi zote 26. Ina herufi 35 kwa jumla. Unajua a ziko ngapi? Moja. Herufi o ziko nne. Mtu wa London akichagua fonti kwa sentensi hiyo, a mbovu itampita na pengine haitamdhuru. Kwetu a ndiyo herufi inayotumika kuliko zote, q na x hatuna kazi nazo, na sampuli nzima inatuficha kile tunachotaka kukiona. Siku hizi sipimi kwa mbweha. Naandika *dada kaa kando, kaka alala*, na chini yake *ng'ombe hang'oki*, halafu nachapisha kwa kimo halisi.

Kuna na suala la pacha. Fonti ya mwandiko wa mkono hujidai imeandikwa na mkono, lakini mkono wa kweli hauandiki a mbili zinazolingana kama chapa ya muhuri. Lugha yenye a chache humficha huyo mwongo kwa sentensi nzima. Kiswahili humfichua kwenye neno moja: *dada*, *karanga*, *sambaza*. Na mbaya zaidi ni irabu zikifuatana, *saa*, *kaanga*, *kaa*, pacha wamekaa bega kwa bega, kila mmoja ameinama upande ule ule kwa nyuzi zile zile. Wachoraji makini huweka maumbo mawili au matatu ya kila herufi, na programu hubadilisha kulingana na jirani. Muundo wa mafaili ya fonti uitwao OpenType, uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, unaruhusu hilo. Fonti za bure nyingi hazina, na pale zilipo, mara nyingi lile badiliko limezimwa kwenye programu na hakuna anayejua liko wapi. Mimi sikujua.

Nikarudi sasa kwenye kikopo chenyewe, maana baada ya dodo nilianza kuona mengine.

Chini ya jina kulikuwa na maneno ya kuvutia aliyoyatunga Bi Dada mwenyewe: *Matamu, yang'ata.* Mazuri kuliko ningeweza kuyatunga. Sasa ile alama ya ritifaa, inayotenga ng' na ng, ilikuwa imesimama wima, nyembamba na kavu, kati ya herufi nene zilizoviringwa. Kama mwiba kwenye kaimati. Kilichotokea ni hivi. Kompyuta ina alama mbili za namna hiyo: ile iliyonyooka ya mashine za chapa, na ile iliyopinda ya vitabuni. Ukibonyeza kitufe, programu hubadilisha iliyonyooka iwe iliyopinda bila kukuuliza. Fonti yangu ilikuwa na iliyonyooka tu. Programu ikakuta iliyopinda haimo, ikaazima kwenye fonti nyingine, kimya kimya. Kwa Mwingereza alama hii ni ya kufupisha maneno, akiikosa ataishi. Kwetu ni sehemu ya herufi. Bila hiyo mabuyu hayang'ati.

Maandishi madogo ya nyuma sitayarefusha. Viungo, uzito, mahali pa kupikia, tarehe ya mwisho ya kutumia, vyote nilivitia kwa fonti ile ile, kwa ukubwa wa pointi 6, eti lebo iwe na sauti moja. Pointi 6 ni kama milimita 2.1 kwa hesabu ya kompyuta, lakini hicho si kimo unachokiona. Fonti za mwandiko wa mkono huwa na mikia mirefu na miili midogo, na mwili wa herufi ndogo uliobaki, nilipoupima kwa rula, haukufika milimita 0.9. Kwa kulinganisha, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 inataka kimo cha x, yaani cha huo mwili wa herufi ndogo, kisipungue milimita 1.2 kwenye vyakula vilivyofungashwa, na 0.9 kwa vifungashio ambavyo uso wake mkubwa haufiki sentimita mraba 80. Sisi hatuko Ulaya, lakini mato ni mato. Mtu mwenye kisukari anayetafuta neno sukari hana haja ya herufi zinazocheka.

Na leseni. Faili la fonti lilikuja na karatasi yake, imeandikwa wazi kuwa ni kwa matumizi binafsi. Mabuyu yanayouzwa dukani si matumizi binafsi. Niliisoma karatasi hiyo baada ya kikopo kurudi, na sina la kujitetea.

Ijumaa nilikwenda Majengo nikiwa na lebo tatu mpya kwenye kompyuta, zote kwa herufi ndogo, a zake nimezirefushia kijiti. Bi Dada alizitazama kwa adabu. Alikuwa amejifunga leso, yaani kanga, na ya pili begani.

"Hii wasomaje?" akaniuliza, akainyoosha ile ya begani.

Ilikuwa imeandikwa AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI.

"Leso mtu huisoma akiwa ng'ambo ya ndia, na mie natembea. Kikopo chako nimekishika mkononi na mato yatoka matozi."

Nimezaliwa mji huu. Nimepita Biashara Street mara zisizo na idadi, mbele ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye leso za *Mali ya Abdulla*, ambalo limekuwapo tangu 1887. Sikuwahi kujiuliza kwa nini majina ya leso huandikwa kwa herufi kubwa. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na yalipohamia za Kirumi yakatulia kwenye herufi kubwa, nene, zisizo na madoido, ndani ya kisanduku chao chini ya mji, yaani ile sehemu ya katikati ya leso. Madoido yote yamo kwenye mji na pindo. Jina halichezi, kwa sababu litasomwa likiwa limekunjwa kiunoni, limeloa, likitembea. Tena tazama AKUFAAYE: A mbili bega kwa bega, na hakuna anayesoma vingine. A kubwa ni paa la makuti. O kubwa ni mdomo wa kisima. Hazikutani popote, hata wino ukivuja.

DADA. DODO. Andika hivyo uone kama kuna mtu atarudisha kikopo.

Kwa hiyo nililotupa ni woga wangu wa herufi kubwa. Niliogopa zingefoka, kumbe kufoka kunatokana na pembe kali na kubanana. Nikachukua Baloo, fonti nene yenye ncha za mviringo iliyochorwa na Ek Type wa India, ambayo leseni yake ni ile ya SIL, shirika la lugha, inayoruhusu biashara mradi usiiuze fonti yenyewe. Ina ndugu wa herufi za Kigujarati pia, jambo ambalo hapa mjini si dogo, ingawa kwa kazi hii sikulihitaji. Nikaandika DADA kwa ukubwa wote ambao kikopo kingebeba, nikazigeuza herufi kuwa michoro, na A ya pili nikaiinamisha kidogo na kuipanua mguu mmoja, isiwe pacha wa ya kwanza. *Mabuyu ya* ikabaki juu, ndogo. Nyuma ya jina nikaweka kibandiko cheupe chenye umbo la buyu, herufi zikapata ukuta wa kuegemea na mabuyu yakaendelea kuonekana pembeni.

Maandishi madogo nikayapeleka kwa Andika. Hiyo ni ya SIL wenyewe, ilichorwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na jina lake walilitoa kwenye lugha yetu. A yake ni ya duara na kijiti kama ya darasa la kwanza, lakini kijiti kimesimama, hakijifichi, na tarakimu 1, I kubwa na l ndogo kila moja ina sura yake. Ritifaa zote mbili zimo. Kwa pointi 8 mwili wa herufi ulipita ile milimita 1.2. Nilistaajabu kwamba fonti yenye jina la Kiswahili nilikuwa nayo kwenye kompyuta kwa miaka, nikiruka juu yake kila mara kwa kuwa haichangamshi.

Safari hii sikumwonyesha mtu skrini. Nilibandika stika moja ya majaribio kwenye kikopo kilichojaa, nikakiweka kwenye ukingo wa baraza wanapochezea bao wazee wa mtaa, hatua tatu kutoka kwao, jioni taa hazijawashwa. Sikuuliza imeandikwa nini. Niliuliza ni ya nani. Wakasema ya Dada, mmoja bila kuinua kichwa vizuri. Nikawaonyesha na kile cha zamani. Dodo, dodo, dodo, na wa nne akauliza kama ya dodo yapo, angependa kuonja.

Je, lebo mpya yacheka? Chini ya ile ya kwanza, nakiri. Ile ya kwanza ilikuwa na utundu ambao herufi kubwa haziwezi kuwa nao, na kuna usiku huifungua na kuitazama. Ningekuwa nachora bango la shule ya chekechea, lenye herufi za kimo cha mkono, ningeirudia kesho, kwa leseni halali. Kwenye kikopo cha mabuyu, hapana.

Vikopo vya zamani vilivyobaki tulivibandua stika kwa maji ya moto na mafuta ya taa kidogo, mimi na wajukuu wa Bi Dada, sakafuni, tukala vilivyopasuka vifuniko. Mwenye duka wa Mwembe Tayari alipokea vipya bila neno.

Ila wiki iliyopita Bi Dada amenipigia tena. Anasema watu wameendelea kumuulizia mabuyu ya dodo, wengine wametumwa na jamaa zao Kisauni na Likoni, na mtu akiitwa sana mwisho huitika. Amenunua maembe. Ameyakata, ameyaanika, ameyatia pilipili na siki, na achari imetoka vizuri. Anataka lebo.

"Iandike *Achari ya Dodo ya Dada*," akasema, "na mwanangu, yote mawili yasomeke."

Nimeshachapisha ya majaribio. DODO juu, DADA chini, zimekaribiana kuliko ninavyopenda. Kikopo kiko mezani, nangoja jioni nikipeleke kwa wazee wa bao.